Bandari ya Victoria na Meli Iliyofika kwa Kamba

Mtu akitoka katika bandari ya Kilindini, Mombasa, akaelekea upande linakochomoza jua, atasafiri mchana na usiku bila kuona kitu ila maji na mbingu. Baada ya kilometa zipatazo 1,700 ndipo ataona mbele yake milima ya mawe, imevikwa miti mpaka juu, nayo imesimama peke yake katikati ya bahari. Hicho ndicho kisiwa cha Mahé, kilicho kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Shelisheli, na mji ulio chini ya milima hiyo ndio Victoria, mji mkuu wa nchi hiyo.

Nchi yenyewe ni ndogo sana kwa ardhi, bali kwa bahari ni kubwa. Visiwa vyake ni 115, lakini ardhi ya visiwa vyote ikikusanywa pamoja haitimizi kilometa za mraba 500, na watu wake ni kadiri ya laki moja tu. Mlima wao mrefu kuliko yote, Morne Seychellois, una meta 905, wala haufiki hata sehemu ya tano ya urefu wa Mlima Kenya. Walakini bahari iliyo chini ya mamlaka ya nchi hii inapita kilometa za mraba milioni moja. Kwa hiyo mambo yote ya watu wa Shelisheli, chakula chao, biashara yao na wageni wao, hupita baharini, na bandari ya Victoria ndiyo mlango wa nyumba yao.

Kwa watu wa Afrika ya Mashariki visiwa hivi si vigeni kabisa. Mwaka 1901 Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro walihamishiwa huko na serikali ya Waingereza. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega alipewa ruhusa ya kurudi mwaka 1923, naye akafa njiani huko Jinja kabla ya kufika kwao. Tena, kabla ya kufunguliwa kiwanja cha ndege cha Mahé mwaka 1971, mgeni hakuwa na njia ya kufika ila kwa meli. Wazee waliofanya kazi Kilindini wanazikumbuka meli za kampuni ya British India, yaani Kampala na Karanja, ambazo zilitoka Bombay zikapitia Shelisheli na kufika Mombasa. Siku hizo meli kubwa ilitia nanga nje ya Victoria, na abiria wakashushwa katika mashua na kuletwa pwani.

KAZI YA BANDARI

Siku hizi mambo yamebadilika. Katikati ya mji bado umesimama mnara mdogo wa saa uliowekwa mwaka 1903, mwaka ule ule visiwa vilipotengwa na Mauritius vikawa koloni peke yake. Lakini mtu akitoka hapo mnarani na kushuka kuelekea baharini, atafika katika magati ambapo meli kubwa huweza kufungwa ubavu kwa ubavu na nchi kavu. Kwa upande wa mashariki kisiwa cha Sainte Anne na vingine vidogo vimeikinga bandari, na maji ya ndani hutulia hata wakati ambapo nje mawimbi yamechafuka.

Vyombo vinavyoonekana hapo kwa wingi ni vya wavuvi wa jodari. Si ngalawa wala mashua kama zile za Lamu na Vanga, bali ni meli za chuma zenye injini za nguvu na nyavu ndefu za kuwazungushia samaki. Nyingi ni za Wafaransa na Wahispania. Hutoka Victoria na kukaa baharini majuma kadhaa, kisha hurudi na shehena yake, na sehemu yake hupelekwa katika kiwanda kikubwa kilicho papo hapo mjini, ambamo jodari hupikwa na kutiwa mikebeni. Vyombo hivi havina uzuri wa kumfanya mtu asimame kuvitazama. Vina kutu ubavuni na harufu ya samaki, na watu waliomo hufanya kazi usiku na mchana.

Pamoja na hivyo huja meli za namna nyingine kabisa. Hizo ni meli za matembezi, nyeupe tangu juu hata chini, zinazowachukua watu wenye nafasi kutoka Ulaya na kwingineko ili wazunguke visiwa vya Bahari ya Hindi kwa starehe. Meli hizo hufika saa iliyoandikwa, na kabla hazijafika, madereva wa magari, wauza vinyago na watu wa hoteli huwa wamekwisha kujipanga. Mwezi wa Februari mwaka 2012 meli moja ya namna hiyo ilingojewa Victoria siku ya Jumanne, tarehe 28. Siku hiyo ilipita, na meli haikuonekana.

MELI ILIYOZIMIKA

Jina la meli hiyo lilikuwa Costa Allegra, mali ya kampuni ya Italia. Urefu wake ulikuwa meta 187, yaani karibu na viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa, na kwa kipimo cha ukubwa wa meli ilipita tani 28,000. Haikuzaliwa meli ya starehe. Iliundwa mwaka 1969 huko Turku, nchi ya Finland, iwe meli ya kuchukua makasha ya shehena, nayo ikaitwa Annie Johnson. Baadaye iliingizwa kiwandani Italia ikafanywa upya, ikatiwa vyumba vya kulala, kumbi za kulia na madirisha mapana, na tangu mwaka 1992 ikawa ikichukua abiria.

Jumamosi, tarehe 25 Februari, meli hiyo iling'oa nanga Antsiranana, bandari iliyo kaskazini mwa Madagascar, kuelekea Mahé. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya elfu moja, yaani abiria mia sita na kitu, na mabaharia na watumishi mia nne na kitu. Walikuwamo pia askari wa majini wa Italia wenye silaha, kwa sababu miaka hiyo maharamia waliotoka pwani ya Somalia walikuwa wakiwasumbua sana wasafiri wa bahari hii.

Jumatatu mchana moto ulizuka katika chumba cha mitambo ya kufua umeme, sehemu ya tezi. King'ora kilipigwa. Abiria waliamriwa kuvaa maboya na kukusanyika mahali palipowekwa, karibu na mashua za kuokolea. Hapana budi mioyo ilidunda kwa hofu, kwa maana mwezi mmoja na nusu tu ulikuwa umepita tangu Costa Concordia, meli nyingine ya kampuni ile ile, kugonga mwamba katika kisiwa cha Giglio huko Italia, tarehe 13 Januari, watu 32 wakapoteza maisha yao. Lakini safari hii mabaharia waliushinda moto, wala hakuna mtu aliyekufa.

Moto ulizimwa, lakini meli nayo ilizimika. Hapa yafaa msomaji aelewe jinsi meli ya namna hii inavyoishi. Nyumba ya shambani, taa ikizimika, huwa bado ni nyumba. Mna kuni jikoni, maji mtungini, na upepo dirishani. Katika meli ya abiria kila kitu hutegemea umeme unaofuliwa chini kabisa, katika chumba ambacho abiria haruhusiwi kuingia. Umeme huo ndio unaopoza hewa vyumbani, unaopika chakula, unaohifadhi nyama isioze, unaopandisha maji na kusafisha vyoo. Na mitambo inayousukuma mwendo wa meli haiwezi kufanya kazi bila huo. Uliobaki ni umeme kidogo wa dharura, wa kuwezesha nahodha kuzungumza na nchi kavu na kuwasha taa chache. Basi meli ile yenye kumbi na mapambo ikabaki ikielea tu, ikienda popote mkondo ulipopenda, karibu na kisiwa kidogo cha Alphonse, zaidi ya maili 200 kutoka Mahé.

MVUVI AFIKA

Ujumbe wa kuomba msaada ulipotolewa, serikali ya Shelisheli ilipeleka ndege na vyombo vya kukokota kutoka Victoria. Lakini bahari ni pana, na chombo cha kukokota hakina mbio. Aliyefika kwanza alikuwa mvuvi. Ni meli ya Kifaransa ya jodari, jina lake Trévignon, iliyokuwa katika sehemu zile kwa shughuli zake za uvuvi. Iliacha samaki wake, ikageuka, na siku ya Jumanne, siku ile ile ambayo meli ya abiria ilitakiwa iwe gatini, ikaifunga kamba na kuanza kuivuta.

Kuvuta meli iliyokufa si jambo la nguvu peke yake. Mkulima aliyewahi kuvuta lori la mahindi lililokwama matopeni anajua kwamba kamba ikilegea kisha ikakazwa kwa ghafula, hukatika. Baharini jambo hili hutokea kila wimbi linapopita, maana chombo kinachovuta hupanda wimbi wakati kile kinachovutwa kinateremka. Kwa hiyo kamba huachwa iwe ndefu, na mwendo huwa wa polepole na wa namna moja. Trévignon ilikwenda kadiri ya maili 6 za bahari kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayekimbia taratibu barabarani.

Kulikuwa na shauri la kuwashusha abiria katika kisiwa cha Desroches, kilichokuwa karibu zaidi kuliko Mahé. Wengi waliosikia habari hiyo walifurahi, kwani aliyechoka hutamani ardhi yo yote. Lakini wenye kujua walitazama, wakaona kwamba hapakuwa na mahali salama pa kuifunga meli kubwa hivyo, wala pa kuwalaza watu elfu moja. Shauri likaachwa. Tena vyombo vya kukokota vilipofika, ilionekana kwamba kufungua kamba ya mvuvi ili kufunga nyingine hakutaongeza mwendo. Mvuvi akaachwa aendelee na kazi aliyoianza, na wale waliokuja wakamsindikiza.

SIKU TATU ZA KUNGOJA

Mwaka ule Februari ulikuwa na siku 29, na siku hiyo ya ziada iliwaangukia abiria hawa vibaya. Walilala usiku wa Jumatatu, wa Jumanne na wa Jumatano bila kufika. Vyumba vyao, ambavyo wengine walikuwa wamevilipia fedha nyingi, vikawa kama matanuri, kwa kuwa madirisha ya meli za namna hiyo mengi hayafunguki, na jua la Ikweta ni lile lile kwa tajiri na kwa maskini. Walitoka nje, wakalala juu ya sitaha, wazee kwa watoto. Chakula kilikuwa cha baridi. Vyoo havikufanya kazi. Helikopta ilileta mikate na tochi, nayo ikapokewa kwa furaha kuliko karamu yo yote ya siku zilizotangulia.

Wakati huo Victoria hakukulala. Bandari ilikuwa na kazi mbili za kutengeneza kwa pamoja: kuipokea meli isiyoweza kujisaidia, na kuwapokea watu zaidi ya elfu moja waliochoka, katika nchi ambayo watu wake wote ni kadiri ya laki moja. Hoteli ziliulizwa nafasi. Magari ya wagonjwa yaliwekwa tayari, na Msalaba Mwekundu wakajipanga gatini. Mtu aliyetazama kutoka mbali angaliweza kusema, "Mbona meli inachelewa hivi?" Lakini kila saa iliyopita ilikuwa na kazi ndani yake.

KUINGIA GATINI

Alhamisi asubuhi, tarehe 1 Machi, meli ilionekana mbele ya Mahé, nyeupe kama kawaida yake, ila haikuwa na moshi wala mlio. Mbele yake ilikuwapo kamba, na mbele ya kamba alikuwapo mvuvi.

Watu wengi hudhani kwamba safari ya meli huwa imekwisha pale nchi inapoonekana. Mabaharia husema kinyume chake. Katika bahari kuu kosa la meta mia si kitu. Katika mlango wa bandari kosa la meta kumi laweza kuivunja meli au kulivunja gati. Ndiyo maana katika bandari zote zenye utaratibu, Kilindini ikiwa mojawapo, nahodha mgeni hapewi ruhusa ya kuingia kwa akili yake mwenyewe. Hutumwa rubani anayejua kina cha maji, mkondo na upepo wa mahali pale, naye hupanda melini na kutoa maagizo. Meli iliyo nzima humtii rubani kwa mitambo yake: akitaka isimame, mitambo huzungushwa kinyumenyume. Meli iliyokufa haina breki. Ikisukumwa huendelea kwenda, na uzito wa maelfu ya tani hausimamishwi kwa kupiga kelele.

Hapo ndipo vyombo vidogo vya kukokota vinapoonyesha thamani yake. Kimoja hushika omo, kingine hushika tezi. Kimoja huvuta ili meli iende mbele, kingine huzuia ili isizidi mwendo. Kisha huizunguka na kuisukuma ubavuni, kidogo kidogo, mpaka inafika kando ya gati. Ndipo hutupwa kamba nyembamba, na watu wa gatini huidaka, wakavuta kwayo kamba nene, wakazitia vitanzi katika nguzo fupi za chuma. Kazi hiyo yote huenda kwa taratibu inayomchosha mtazamaji, lakini ndivyo inavyopasa kuwa. Vyombo vya Victoria vilifanya hivyo asubuhi ile, na Costa Allegra ikafungwa gatini, siku mbili baada ya siku yake. Abiria wakashuka kwa miguu yao wenyewe. Wengine walichagua kubaki Shelisheli kupumzika kwa gharama ya kampuni, na wengine wakapanda ndege kurudi kwao.

MAFUNZO YAKE

Wahenga wa pwani walisema, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maana yake ni kwamba mtu hata atembee namna gani juu ya chombo, mwisho atarudi kule chini kulikobeba uzito wote. Katika meli hii kila mgeni aliziona kumbi. Aliyekijua chumba cha mitambo alikuwa fundi tu. Hata hivyo chumba hicho kilipoharibika, kumbi zote hazikufaa kitu. Mkulima mwenye kinu cha kusagia au trekta, na karani aliyekabidhiwa gari la ofisi, wote wana chumba chao cha mitambo. Anayepaka rangi mwili wa gari lake na kusahau mafuta ya injini hana tofauti na mwenye kuitazama meli kwa weupe wake.

Funzo la pili latuhusu zaidi, sisi tulio na bandari yetu. Mombasa hupokea meli za abiria, nazo husifiwa sana zinapofika, na watu hutoka kwenda kuzitazama. Ni vyema. Lakini rubani, mtu wa chombo cha kukokota na mdaka kamba wa gatini hawasifiwi na mtu, kwa kuwa kazi yao ikifanyika vizuri haionekani. Huonekana siku ya taabu tu. Shelisheli iliokoka aibu na msiba kwa sababu watu hao walikuwapo kabla ya kuhitajiwa, wakiwa wamefunzwa, na vyombo vyao viko tayari. Nchi inayonunua vyombo hivyo baada ya ajali imenunua kwa bei ya roho za watu. Na msafiri anayenung'unika kwamba meli imekawia nje ya mlango, afikiri kwanza kwamba huenda kukawia huko ndiko kunakomfikisha salama.

Costa Allegra haikurudi tena katika kazi ya kuchukua abiria. Iliuzwa, na mwaka ule ule wa 2012 ikapelekwa Aliağa, pwani ya Uturuki, ikavunjwavunjwa kuwa vyuma chakavu, baada ya kuishi miaka 43. Victoria ingali mahali pake. Kila siku vyombo vya jodari hutoka na kurudi, na kutu yake ubavuni, na asubuhi ya siku ya meli ya matembezi madereva hujipanga tena gatini wakitazama baharini. Meli nyeupe ikijitokeza, mmoja hutaja jina lake kwa wenzake. Mvuvi anayeingia nyuma yake hatajwi, lakini watu wa bandari wanamjua.